Uzi: HP na Compaq, 2001 hadi 2002. Nilikuwa na hisa 80 na sikujua nipige kura ipi

#1 Mtoto wa Makorora

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kule kwenye uzi wa hisa Mama Salma aliuliza swali: kampuni uliyonunua hisa zake ikitangaza kwamba inaungana na nyingine, ufurahi au uogope? Akajibiwa kwa mkato, "furahi mama, kampuni inakuwa kubwa". Jibu lile halikuniridhisha. Mimi nimepita humo ndani mwenyewe, na kwa miezi sita nzima sikujua niko upande gani. Naomba nisimulie. Ni refu, anayetaka aweke kambi.

Miaka hiyo nilikuwa San Jose, California, fundi kwenye karakana ya kompyuta. Hisa zenyewe zilikuwa za Hewlett-Packard, HP, nilizozinunua kidogo kidogo mpaka zikafika 80. Kilichonivuta ni printa. Kila ofisi niliyopeleka mashine nilikuta printa ya HP pembeni, na droo chini yake yenye katriji mbili tatu za akiba. Printa mtu hununua mara moja akasahau. Wino hausahauliki, kila ukiisha lazima urudi dukani. Nikajiambia mali ya kampuni hii iko kwenye ile droo.

Sasa, Jumatatu tarehe 3 Septemba 2001 ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi Marekani na masoko yamefungwa. Usiku ule ikatangazwa kwamba HP inaichukua Compaq, kampuni ya kompyuta ya Houston, kwa thamani ya takribani dola bilioni 25. Carly Fiorina, mkuu wa HP, angebaki juu, Michael Capellas, mkuu wa Compaq, angekuwa chini yake. Pesa taslimu hakuna. Kila hisa moja ya Compaq ingebadilishwa kwa hisa 0.6325 ya HP.

Hapo kwenye 0.6325 naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopita mbio.

Ijumaa kabla ya tangazo hisa ya HP ilifunga kwa dola 23.21, ya Compaq 12.35. Chukua 23.21 zidisha kwa 0.6325, unapata 14.68. Kwa hiyo mwenye hisa ya Compaq anaambiwa: hicho ulichonacho cha 12.35 tunakupa 14.68, ongezeko la karibu 19%. Lazima acheke.

Jumanne soko likafunguliwa. Mpaka jioni HP imeshuka hadi 18.87 na Compaq hadi 11.08. Rudia hesabu: 18.87 mara 0.6325 ni 11.94. Mnaona? Ile zawadi ya Compaq imeyeyuka ndani ya siku moja. Wanachopewa sasa ni kidogo kuliko walichokuwa nacho Ijumaa. Mtoaji kapoteza karibu 19%, na mpokeaji naye kapoteza 10%. Mimi na hisa zangu 80 nilitoka dola 1,856.80 hadi 1,509.60 kabla sijala chakula cha usiku.

Halafu kuna jambo la pili limejificha hapo. Kama ofa ina thamani ya 11.94, kwa nini Compaq inauzwa 11.08? Kwa sababu sokoni walikuwa wanasema: huenda harusi hii isifungwe. Ile tofauti ya senti 86 ndiyo kipimo cha mashaka, na miezi yote iliyofuata watu wa fedha walikuwa wanaiangalia kila asubuhi.

Nitaendelea, naenda kuswali.


#2 Fundi Kongo

Nimeweka kambi, mzee. Shikamoo.

Compaq naikumbuka sana. Hapa Kariakoo zilikuwa zinakuja za mtumba, zile Deskpro nzito, ukiibeba kutoka gari mpaka dukani unatokwa jasho. Zilikuwa hazifi. Swali langu: kama mashine zilikuwa nzuri vile, wenye HP walikuwa wanaogopa nini?


#3 Mtoto wa Makorora

Marahaba, kijana.

Mashine nzuri na biashara nzuri ni vitu viwili. Compaq ilianzishwa Houston mwaka 1982 na vijana watatu waliotoka Texas Instruments, na sifa yake ilikuwa hiyohiyo unayoisema, ugumu na kuendana kabisa na kompyuta za IBM. Lakini kufikia 2001 Dell, mshindani wao kwenye kompyuta, alikuwa amewaweka wote pabaya. Yeye aliuza moja kwa moja kwa mnunuzi, mashine haikai ghalani, hakuna duka la kugawana naye faida. Akishusha bei, wengine wanashusha na wanaumia. Juu ya hilo Compaq ilikuwa imeinunua Digital, kampuni nyingine ya kompyuta, mwaka 1998 kwa dola bilioni 9.6 na kuimeza kulikuwa kugumu. Mtu ambaye hajamaliza tonge la kwanza unamuona analetwa mezani tena, utakuwa na raha?

Ila woga wangu mimi ulikuwa kwenye droo ya wino. Baada ya muungano sisi wenye HP tungekuwa na takribani 64% ya kampuni mpya, wenzetu wa Compaq 36%. Maana yake, kwa kila dola ya faida ya katriji, senti 36 sasa ni za watu ambao jana hawakuwa na hata tone la wino. Na sisi tunapata nini? Tunapata senti 64 kwa kila dola ya kompyuta za Compaq, biashara ambayo Dell anaifinya. Watu wanasema kampuni "imelipa kwa hisa" kana kwamba hisa ni karatasi za bure. Umelipa kwa kukata kipande cha shamba lako.

Naomba niwe mkweli pia kwa upande wa pili, maana ulikuwepo na ulikuwa na nguvu. Fiorina na bodi walisema hivi: soko la kompyuta lina kampuni nyingi mno, wachache ndio watabaki, wateja wakubwa wanataka mtu mmoja wa kuwauzia seva, hifadhi ya data, printa na mafundi, kama IBM anavyofanya, na tukiungana tutapunguza gharama kwa dola bilioni 2.5 kwa mwaka. Ajira 15,000 zingeondoka. Na hapo kwenye ajira kulikuwa na kidonda kibichi. Miezi michache kabla, HP ilikuwa imewaomba wafanyakazi wajitolee kukatwa mshahara au kupunguza likizo, na zaidi ya 80,000 wakakubali. Julai hiyohiyo zikatangazwa ajira 6,000 kuondolewa. Wateja wangu wawili walikuwa watu wa HP. Mmoja alikuja kuchukua kompyuta ya mwanawe, akasimama pale kaunta, akaniambia yeye alijaza ile fomu siku ya kwanza. Hakuongeza neno.


#4 Mchumi wa Mikocheni

Mkuu umeeleza vizuri, ila ongeza muktadha. Wanahisa wa wakati ule walikuwa wametoka kuungua. Januari 2000 AOL na Time Warner walitangaza muungano, ukakamilika Januari 2001. Kampuni ya intaneti yenye hisa zilizovimba ililipa kwa hizo hisa kununua kampuni ya magazeti, filamu na televisheni. Wenye AOL wakapata 55%. Hasara ya dola bilioni 98.7 iliandikwa baadaye, kwa mwaka 2002, ila woga ulikuwa umeshaanza.

Ndiyo maana Septemba 2001 mtu akisikia "muungano mkubwa wa teknolojia" anauza kwanza, anauliza baadaye.


#5 Mtoto wa Makorora

Sahihi kabisa, mkuu. Na siku nane baada ya tangazo la HP ikaja Septemba 11, soko la New York likafungwa hadi tarehe 17. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuahidiwa mambo ya miaka mitatu mbele.

Sasa naendelea na sehemu ambayo bado inanigusa.

Bill Hewlett, mmoja wa wale wawili walioanzisha HP mwaka 1939 kwenye gereji ya Palo Alto, alifariki Januari 2001. Mwanawe Walter Hewlett alikuwa kwenye bodi, na bodi ilipopiga kura ya kukubali muungano naye alikubali. Tarehe 6 Novemba akatangaza hadharani kwamba yeye, familia na wakfu wao watapinga. Hisa ya HP siku hiyo ikaruka kwa karibu 17%.

Hilo nalo fikirieni. Kampuni ikisema "tunaungana", bei inaanguka kwa karibu 19%. Mtoto wa mwanzilishi akisema "tusiungane", bei inapanda kwa 17%. Kwa mwenye hisa kama mimi hiyo ilikuwa kauli nzito kuliko tangazo lolote la gazetini.

Familia ya Packard nao wakafuata. David Woodley Packard alipinga mara moja, na tarehe 7 Desemba Wakfu wa David na Lucile Packard, wenye zaidi ya 10% ya hisa peke yake, ukasema unaelekea kupinga. Ukijumlisha familia zote mbili na taasisi zao unapata karibu 18%. Kampuni kuingia vitani na watoto wa waliozaa jina lake si jambo la kawaida, na vita vikawa vikali kweli. Januari HP iliwaandikia wanahisa barua ikimtaja Walter kama mwanamuziki na mwanazuoni, yaani kwa lugha nyingine, huyu biashara haijui. Niliisoma barua ile mara mbili. Baba yake ndiye aliyejenga nyumba ambayo walioandika barua wamekaa ndani yake. Iliniudhi, na inawezekana iliwaudhi wengi, maana mwezi uliofuata nilitia sahihi kadi ya kijani.


#6 Mama Salma

Ahsante sana kaka kwa kulichukua swali langu. Hebu nieleze hiyo kadi ya kijani ni kitu gani. Mimi nina hisa za Vodacom Tanzania, nilinunua 2017 zilipouzwa kwa umma shilingi 850. Mkutano mkuu ukifika naona tangazo tu, sijawahi kupiga kura.


#7 Mtoto wa Makorora

Mama Salma, ni kura kama kura nyingine, ila unapiga kwa hisa. Mwenye hisa moja ana kura moja, mwenye milioni ana milioni. Usipoweza kwenda mkutanoni unajaza kadi inayompa mtu mwingine mamlaka ya kukupigia kura kama ulivyoagiza. Mara nyingi kadi ni moja tu, ya kampuni. Safari hii zilikuwa mbili. Nyeupe ya HP, kukubali. Ya kijani ya Walter Hewlett, kukataa.

Kuanzia Februari 2002 bahasha hazikukatika. Mke wangu alitenga sinia la plastiki pale mezani jikoni, nyeupe upande huu, kijani upande ule, na ikifika Ijumaa sinia limejaa. Matangazo ya kurasa nzima magazetini kutoka pande zote mbili. Simu zinapigwa wakati wa chakula cha jioni, mtu ananisalimu kwa jina, ananiuliza kama nimeshapiga kura. Hisa 80! Gawio langu lilikuwa senti 8 kwa hisa kila robo mwaka, yaani dola 6.40. Lakini walinitafuta, maana ilishaonekana kura zitakaribiana mno.

Na sheria ilikuwa hivi: ukituma kadi zaidi ya moja, inayohesabiwa ni yenye tarehe ya mwisho. Kwa hiyo hata aliyekwisha kutuma aliendelea kubembelezwa mpaka siku ya mkutano.

Kilichonibadilisha mimi hakikutoka kwenye bahasha. Mwanzoni mwa Machi ililetwa karakanani seva ya Compaq, ProLiant, ya ofisi ya mawakili. Diski moja imekufa. Kwa mazoea nikauliza ofisi itazimwa saa ngapi ili nifanye kazi. Mwenzangu, mzee mmoja Mfilipino, akanionyesha vile vishikio vya rangi ya damu ya mzee mbele ya mashine. Akaniambia chochote chenye rangi ile unakichomoa mashine ikiwa inafanya kazi. Akabana kidole, akavuta, diski ikatoka kama droo. Akasukuma nyingine, taa ikaanza kumeta kijani, mashine inaendelea kuunguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikuwa nimefungua seva nyingi za HP, zile Netserver. Sikuwa nimeona utengenezaji uliofikiriwa namna ile, mtu amekaa akamuwaza fundi atakayekuja baadaye. Nikarudi nyumbani nikiwaza: hawa watu tunaokataa kuungana nao wanajua kitu ambacho sisi hatukijui.

Tarehe 5 Machi ISS, kampuni inayoshauri mifuko mikubwa namna ya kupiga kura, ikasema mkubali. Siku chache baadaye nikatia sahihi nyeupe.


#8 Kinara wa Ngong

Wadau, nimesoma kutoka mwanzo. Mzee, sijaelewa jambo moja. Ikiwa muungano ulimuumiza mwenye HP siku ya kwanza, mifuko mikubwa iliukubali kwa nini? Wao hawaoni hesabu?

Halafu hii ya kulipa kwa hisa tumeiona hata kwetu. 2017 Vodafone ya Uingereza ilihamishia Vodacom ya Afrika Kusini 35% ya Safaricom, na Vodacom ikalipa kwa kutoa hisa zake mpya. Sisi wenye hisa chache za Safaricom tulisoma kwenye gazeti kama habari ya jirani.


#9 Mchumi wa Mikocheni

Kinara, niruhusu nijibu hili, ni eneo langu.

Mfuko mkubwa unaofuata soko zima unamiliki kila kitu, HP na Compaq kwa pamoja. Mwenye hisa za HP tu anauliza, "je, tunalipa ghali?" Mwenye zote mbili akilipa ghali anajilipa mwenyewe, pesa inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Swali lake linabaki moja: vitu hivi viwili vikiwa pamoja vitakuwa na thamani zaidi au pungufu? Ndiyo maana wanahisa wawili wa kampuni moja, wote wenye akili timamu, wote wamesoma ripoti ileile, wanaweza kupiga kura tofauti na kila mmoja akawa sahihi kwa mfuko wake.

Wengine walikuwa ni wale waliokopa hisa za HP wakaziuza, wakanunua za Compaq, wakisubiri ile tofauti aliyoieleza mkuu ifungike. Hao kampuni hawaipendi wala hawaichukii. Wanataka harusi ifungwe walipwe.

Ila mifuko haikuwa kitu kimoja. CalPERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma California, ulipinga.


#10 Mtoto wa Makorora

Ahsante mkuu, hapo umenifundisha jambo ambalo wakati ule sikulijua. Mimi nilidhani wote tuna HP tu kama mimi, na nilikuwa nashangaa wanatoa wapi utulivu.

Mkutano ulikuwa Jumanne tarehe 19 Machi 2002, ukumbi wa Flint Center pale Cupertino, jirani kabisa na kwangu. Sikwenda, nilikuwa zamu. Ukumbi ulijaa, wengine wamevaa kijani. Walter Hewlett aliposimama walimsimamia wakampigia makofi. Fiorina alizomewa. Mchana wake akatangaza kwamba wameshinda, kwa tofauti ndogo lakini inayotosha.

Kuhesabu kulichukua wiki kadhaa. Matokeo: kura takribani milioni 838 za ndiyo, milioni 793 za hapana. 51.4% kwa 48.6%. Kumbuka familia za waanzilishi walikuwa na 18% ya hapana tayari, kwa hiyo wengine waliobaki wengi wao walikubali. Lakini pia karibu nusu ya kampuni ilisema hapana. Siku ya pili Compaq wakapiga ya kwao Houston, takribani 90% ndiyo. Anayepewa na anayetoa hawapigi kura sawa.

Kisha likaja la Deutsche Bank.

Kitengo chao cha kusimamia hisa za wateja kilikuwa kimeshapiga hapana. Asubuhi ileile ya mkutano wakazungumza na uongozi wa HP kwa simu, na takribani kura milioni 17 zikageuka kuwa ndiyo. Wakati huohuo tawi jingine la benki hiyohiyo lilikuwa likiifanyia HP kazi kwenye muungano huu. Baadaye ikavuja sauti ya Fiorina aliyomwachia mkuu wa fedha Bob Wayman kwenye simu siku mbili kabla, akisema huenda wakalazimika kufanya jambo lisilo la kawaida kuzipata kura za Deutsche na za Northern Trust, kampuni nyingine ya fedha. Walter Hewlett akaenda mahakamani Delaware. Kesi ikasikilizwa mwishoni mwa Aprili, na tarehe 30 jaji William Chandler akaitupa, ushahidi wa kununua kura haukutosha. Walter hakukata rufaa. Tarehe 3 Mei 2002 kampuni zikawa moja.

Nilikaa na kalamu usiku ule. Ukizirudisha zile milioni 17 upande wa hapana, ndiyo inabaki 821 na hapana inakuwa 810. Bado wangeshinda kwa milioni 11 hivi. Hilo lilinituliza kidogo. Lakini halikuniondolea uchungu wote, na Agosti 2003 tume ya masoko ya hisa ya Marekani ikakitoza kile kitengo cha Deutsche faini ya dola 750,000 kwa kutowaambia wateja wake kwamba kulikuwa na mgongano wa maslahi. Kura ya mwenye hisa 80 na kura ya benki zilipita sanduku moja, ila mimi sikupigiwa simu na mkurugenzi mkuu asubuhi ya mkutano.


#11 Fundi Kongo

Mzee hii ni darasa. Sasa nani alikuwa sahihi? Maana ProLiant mimi nimezishika zina nembo ya HP, na vishikio vya rangi ileile uliyosema.


#12 Mtoto wa Makorora

Kijana, hizo ulizoshika ndizo jibu la nusu.

Walipoungana walikuwa na vitu viwili viwili vya kila aina, na timu zao zilikaa zikachagua kimoja, kingine kinaachwa. Seva ya Compaq ilibaki, Netserver ya HP ikaondoka. Kompyuta ya mkononi iPAQ ya Compaq ikabaki, Jornada ya HP ikaondoka. Printa hazikuwa na mjadala. Kwa fundi kama mimi hilo lilionyesha waliingia na nia, hawakuibeba Compaq kama mzigo. Kwa wale waliotengeneza Netserver ilikuwa siku nyingine kabisa, na mmoja wa wale wateja wangu wawili hakuwa na kazi kufikia mwisho wa mwaka.

Kuhusu bei ya hisa, Walter alikuwa na haki. Miaka mitatu ya kwanza tulikaa palepale. Agosti 2004 seva na hifadhi zikafanya vibaya, hisa ikaanguka, wakuu watatu wakafukuzwa. Tarehe 9 Februari 2005 bodi ikamwondoa Fiorina, na siku hiyo hisa ikapanda kwa karibu 7%. Sikufurahia. Mama yule alitukanwa kuliko alivyostahili, na mengi aliyoyapanda yalivunwa na Mark Hurd aliyemfuata. Maana mwaka 2006 HP ilimpita Dell kwa kuuza kompyuta nyingi zaidi duniani, na mwaka wa fedha wa 2007 mauzo yakavuka dola bilioni 100. Bila Compaq sioni wangefikaje huko.

Kwa hiyo ukiniuliza kama fundi nasema waliungana vyema. Ukiniuliza kama mwenye hisa nasema nililipishwa ghali, nikasubirishwa muda mrefu, na ningeweza kuuza Septemba ile nikanunua tena baadaye kwa bei ya chini. Majibu yote mawili ni yangu na sijaweza kuyapatanisha.


#13 Mama Salma

Kaka, nimekuelewa vizuri mno kuliko nilivyotarajia. La mwisho: siku likinifika mimi, nianzie wapi?


#14 Mtoto wa Makorora

Mama, anza na ile desimali. Tafuta kila hisa inabadilishwa kwa ngapi, ufanye zidisha kwa bei ya kabla ya tangazo na bei ya baada, kwa kalamu, usisubiri mtu akufanyie. Kisha jiulize faida yako ya leo inatoka kwenye nini hasa, kama mimi nilivyojua ni wino, na utabakiwa na sehemu gani ya kitu hicho baada ya kugawana. Ukiona mkubwa fulani amekubali haraka, uliza kama anamiliki pande zote mbili. Na kura usiiache, mama. Tafuta dalali wako leo, usingoje jambo kubwa litokee, umuulize fomu ya uwakilishi inajazwaje na mwisho wa kuirudisha ni lini. Waliokosa kujua hilo 2002 walikuwa wengi.


#15 Kinara wa Ngong

Mzee, na zile hisa 80? Bado unazo?


#16 Mtoto wa Makorora

Tarehe 1 Novemba 2015 kampuni ilipasuliwa tena. Seva zikaenda Hewlett Packard Enterprise, kompyuta na printa zikabaki HP Inc. Kwa kila hisa ukapewa moja ya kampuni nyingine, kwa hiyo nikawa na 80 na 80.

Zile za seva niliziuza mwaka uliofuata, nikaezekea nyumba ya mama hapa Makorora. Za printa ninazo mpaka leo. Ile kadi ya kijani ya mwisho, iliyokuja wiki moja kabla ya mkutano, sikuituma na sikuitupa. Nimeikuta jana kwenye faili la karatasi za nyumba, rangi imepauka karibu iwe nyeupe, na pale pa tarehe nilikuwa nimeshaandika mwezi, siku sikuijaza.